Miaka Miwili Bila Kuketi

Barabara yetu ilikuwa pana kuliko kitu chochote kingine tulichokuwa nacho, na haikupitwa na gari hata moja. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, wakati wa kiangazi, greda lilivuka mto maji yakiwa ya vifundoni, likapanda likikata udongo kwa kona saba hadi chini ya jabali la Manga, likamwaga changarawe nyekundu, kisha likageuka likarudi lilikotoka. Daraja lilikuwa lifuate. Badala yake vililetwa vigogo viwili vya mkaratusi, vikalazwa juu ya maji, vya kupitia watu na mbuzi. Malori yalifika ng'ambo ya pili na kuishia hapo. Upande wetu tukabaki na maili nne za barabara ya serikali, safi, yenye mitaro kulia na kushoto, na juu yake tukaanika wimbi.

Barabara hiyo ilikuwa na nyapara wake. Aliajiriwa kuitunza isiharibike kabla magari hayajaja, naye aliichukua kazi hiyo kama mtu aliyeambiwa kwamba magari yako nyuma ya kilima. Alizibua mitaro ambayo hakuna gurudumu lililoiziba. Aliondoa mawe, akafukuza ng'ombe, na kila mtu aliyetembea katikati alimwelekeza pembeni kwa sepetu. Kitu pekee chenye magurudumu upande wetu wote kilikuwa baiskeli ya baba, kwa hiyo sheria zote za barabara alizokuwa nazo alizimalizia kwetu. Ukipita kulia anakusimamisha. Usipopiga kengele kwenye kona anakurudisha nyuma ukapige.

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ya kiti cha ngozi. Baba aliinunua alipokuwa akifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiendesha. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule ili wadogo zangu watatu wapate wa kuwapikia, kwa sababu baba alikuwa akishinda kazini. Miaka michache baadaye, nikiwa nimekwisha kutahiriwa na ndevu zimeanza kuchungulia, baba naye akatuacha.

Siku ya tatu baada ya mazishi ndugu walikutana uani kwetu kutugawana. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Shangazi aliyeolewa Nyansiongo alikuwa na ng'ombe wa maziwa na alihitaji mikono, kwa hiyo angemchukua mdogo wangu wa kiume. Dada yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, angekwenda kwa mama mkubwa. Kitinda mimba, msichana wa miaka minne, angekaa kwa baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye boma lake lilikuwa juu yetu kidogo. Mimi nilionekana mtu mzima wa kujitafutia. Nikasema hapana, tutakaa pamoja. Wakauliza tutakula nini. Nikasema chama cha wakulima wa pareto kilikuwa kinatafuta mtu wa kubeba magunia ya maua makavu kutoka ghala la upande wetu hadi ng'ambo ambako lori lilifika, na sharti lao moja tu lilikuwa baiskeli.

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ndipo baba mdogo alipokohoa akauliza, kwa upole kabisa, ni nani atakayeketi juu yake.

Kwetu Wagusii kuna heshima tunayoiita chinsoni, heshima iliyochanganyika na haya, kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kutahiriwa. Mwana mkubwa haingii chumba anacholala babaye, hakai kitandani pake, haketi kwenye kiti chake. Viti vya kawaida kila mtu alivijua. Kiti cha baiskeli hakuna aliyewahi kukijadili, maana mwenye baiskeli alikuwa mmoja, naye alikuwa hai. Baba mdogo akaeleza kwamba yeye, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja, angeweza kuketi bila kosa. Hakusema anaitaka baiskeli. Alisema tu kwamba angeweza kuketi.

Aliyekuwa akiongoza kikao ni mzee wa ukoo wetu, mtu mwenye njaa ya kudumu, ambaye uamuzi wake ulikuwa unakuja haraka kadiri harufu ya chakula ilivyokaribia. Siku hiyo kuku alikuwa amekwisha kuchemka.

"Aende na baiskeli," akasema. "Lakini asiketi."

Watu wakaangaliana. Mzee akaongeza, akiwa ameshainuka, kwamba siku nitakayoketi baiskeli itakwenda kwa baba mdogo na watoto watakwenda walikopangiwa. Kisha akanawa mikono. Nadhani wote waliokuwa pale waliona kwamba jambo hilo lingechukua wiki moja.

Lilichukua miaka miwili na kidogo.

Kuendesha baiskeli umesimama si kazi ngumu unapopanda mlima, kwa sababu hapo kila mtu husimama. Kwenye tambarare ndipo unapoanza kuonekana kama mtu aliyeona moto mbali na anajaribu kujua ni boma la nani. Kwenye mteremko hakuna sababu yoyote duniani ya kusimama, na mimi niliteremka kona saba kila asubuhi nimesimama wima, magunia mawili makubwa kwenye keria na la tatu limelala mbele juu ya usukani. Pareto kavu ni nyepesi lakini ina ukubwa wa ajabu. Kwa mbali, watu waliniambia, ilionekana kama magunia matatu yameniteka nyara.

Wanawake waliokuwa wakichuma maua walizoea. Walinisalimu wakiniambia nisimame vizuri. Karani wa chama ng'ambo ya mto, mgeni aliyetoka pwani, ambaye tulizungumza naye Kiswahili, hakuzoea. Wiki ya kwanza aliniita pembeni akaniuliza kama nina jipu. Nikamwambia sina. Akasema hilo si jambo la kuonea haya, akanieleza dawa, na mwezi mzima aliendelea kuniuliza linaendeleaje.

Mtu atauliza kwa nini sikubadilisha kiti. Nilibadilisha. Mwezi wa pili nilikifungua kile cha ngozi, nikakiweka ndani ya nyumba kwa heshima zake zote, na juu ya chuma kilichobaki nikafunga gunia lililojazwa majani makavu ya migomba. Baba mdogo alifika jioni hiyohiyo. Alilizunguka gunia, akalibonyeza kwa kidole.

"Kiti si ngozi, kijana," akasema. "Kiti ni mahali."

Nikalala nikilifikiria neno hilo nikitafuta tundu la kutokea. Sikulipata. Kesho yake nikarudisha cha ngozi.

Tundu lilikuja lenyewe, kwa mlango mwingine. Kitinda mimba wetu alikuwa bado mtoto, na mtoto mdogo hana chinsoni. Alikuwa akiketi kwenye mapaja ya baba na kwenye kiti chake pia, na hakuna aliyemkemea. Alipoanza kwenda shule ya chekechea ya kanisani nilimweka juu ya kiti cha baiskeli, akanishika kiunoni, nami nikakanyaga pedali nimesimama mbele yake. Baba mdogo alipeleka malalamiko. Mzee wa ukoo akajibu kwamba kiti kimeketiwa na mwenye haki, kisha akauliza kama kuna chochote cha kula. Tangu hapo mdogo wangu alipita katika barabara ya serikali ameketi wima kama mke wa chifu, akiwasalimu watu kwa mkono, na mimi mbele yake kama dereva aliyekosa nafasi.

Baba mdogo hakukata tamaa. Shamba lake la mahindi lilikuwa mahali ambapo kona nne kati ya zile saba zilionekana, na palizi yake ilikuwa ya ajabu: hata jua likiwa usoni, aliinama akiangalia barabara. Kona ambazo hazikuonekana kutoka shambani alizifuata kwa miguu. Asubuhi moja kwenye kona ya nne niliona kofia ndani ya kalvati, lile bomba la saruji linalopitisha maji chini ya barabara. Nikapiga kengele kama sheria ilivyotaka, nikamwamkia kwa Kigusii, "Bwakire, tata," maana tata ni baba, na ndugu yake baba naye tunamwita hivyo. Akaniitikia kutoka ndani ya bomba kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekutwa sebuleni kwake, na akaniuliza watoto wameamkaje.

Kulikuwa na kona moja, ya tano, iliyozungukwa na mianzi, ambako hakuna jicho lililofika. Hapo kilikuwa kishawishi changu. Magoti yalikuwa yakiwaka, kiti kiko chini yangu umbali wa kiganja, na barabara tupu mbele na nyuma. Sikuketi. Si kwamba nilikuwa mtakatifu. Kila jioni mdogo wangu wa kiume aliniuliza kabla hatujala, "Umeketi?" nami nikamjibu, "Sijaketi," ndipo alipoanza kumega ugali. Yeye ndiye aliyepangiwa Nyansiongo. Nilihesabu kwamba kama ningeketi mara moja tu pale kwenye mianzi, ningelazimika kumdanganya kila jioni hadi akue.

Mwaka wa tatu, mvua za masika zilipokuwa zimeanza, changarawe kwenye kona ya tatu ililegea. Nilikuwa nateremka na magunia yangu. Gurudumu la nyuma likapasuka kwa mlio kama bunduki, baiskeli ikayumba hadi upande wa kulia, pedali zikaniponyoka, nikashuka na uzito wangu wote juu ya kiti, kisha kiti, magunia na mimi tukaingia mtaroni.

Kutoka katikati ya mahindi nikasikia sauti ya baba mdogo ikitangaza, "Ameketi!"

Kikao kilifanyika palepale, juu ya barabara, kesho yake mchana. Ilikuwa mahali pazuri pa kikao, pakavu na papana, na hakukuwa na gari la kutuondoa. Swali lilikuwa moja: mtu akiangukia kiti, ameketi? Wengine walisema kuketi ni nia. Wengine walisema mbona mtu akianguka juu ya mayai husema ameyaketia. Nyapara aliitwa kama shahidi kwa sababu alikuwa karibu akizibua mtaro. Aliapa mbele ya wote kwamba nilikuwa nimepita upande wa kulia. Akaulizwa kama niliketi. Akasema hilo hakuliangalia, lakini kulia nilipita, na gari lingekuja lingeniua.

Mzee wa ukoo akaniuliza mimi mwenyewe. Nikasema ukweli, kwamba nilikigusa.

"Kwa muda gani?"

"Wa kusema amina."

Akafikiri. Safari hii hakukuwa na chungu karibu, na pengine ndiyo sababu alifikiri sana. Akasema kuketi ni kuketi, hata kwa amina, na baiskeli iende kwa baba mdogo. Lakini chama cha pareto kisikose mtu katikati ya msimu, akaongeza, na watoto wasikose chakula. Kwa hiyo anayechukua baiskeli achukue na mzigo wake na malipo yake yalishe watoto, hadi shangazi aje kumchukua wa kwake mwisho wa mwezi. Mzigo ukikosa kufika hata siku moja, baiskeli irudi.

Baba mdogo hakuona tatizo. Alikuwa na mwana mkubwa, mwenye misuli, aliyetahiriwa pamoja nami, na mpango ulikuwa huyo ndiye atakayefanya kazi. Tulirekebisha gurudumu. Kisha baba mdogo, mbele ya ukoo wote, akapanda baiskeli. Watu wawili walimshika hadi akatulia juu ya kiti cha ndugu yake, akaendesha hadi kwake taratibu, mgongo umenyooka, na uso wake ulikuwa na furaha niliyoshindwa kuichukia.

Sisi tulirudi nyumbani. Mdogo wangu wa kiume hakula, hata nilipomwambia sikuwa nimeketi kwa nia.

Asubuhi yule binamu yangu alikuja ghalani na baiskeli, babaye yuko nyuma yake akitoa maelekezo. Dada yangu alikuwa amenifuata kuona. Alikuwa msichana mkimya, na nadhani hakukusudia ubishi. Aliuliza tu, kama anavyouliza mwanafunzi aliyekosa kuelewa hesabu.

"Lakini tata, si wewe uliketi jana?"

Ghala zima likasikia. Binamu yangu, ambaye alikuwa ameinua mguu, akaushusha. Akamtazama babaye. Akasema yeye hawezi kusimama kona saba watu wakimcheka kama walivyonicheka mimi, na kwamba alikuwa na kazi nyingine nyumbani. Akaondoka.

Basi akapanda baba mdogo mwenyewe. Alikuwa amekaribia miaka hamsini na goti lake moja lilikuwa bovu. Alibeba magunia mawili nyuma. La tatu alinitwika mimi kichwani, kwa sababu chakula kilikuwa cha wadogo zangu na nisingeweza kuliacha. Nikamfuata nikikimbia. Kwenye kila kona nyapara alimpigia kelele akae kushoto, na yeye akamjibu kwamba huko ndiko aliko, na nyapara akasema kushoto zaidi. Mtoni tuliivusha baiskeli juu ya vigogo, yeye mbele mimi nyuma. Karani alimwona akishuka kwa kuchechemea, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akauliza kama ugonjwa huu ni wa ukoo.

Siku ya sita tulipumzika ukingoni mwa mto. Alikuwa amevua viatu, miguu iko majini. Akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba baba aliponunua baiskeli aliahidi kumfundisha. Yeye akangoja. Kila alipouliza aliambiwa kesho. Akajifunza kwa siri kwa baiskeli ya mwalimu mmoja, mbali, ili siku hiyo ya kesho ikifika aendeshe vizuri mbele ya ndugu yake. Halafu akasema goti linamuuma, akaniomba nimsaidie kuinuka.

Asubuhi ya kumi nilipofungua mlango alikuwa amesimama uani, mkono mmoja juu ya usukani. Magunia alikuwa ameshayafunga yote matatu, la mbele pia. Wadogo zangu wakatoka nyuma yangu.

"Panda," akasema. "Keti."

Nilidhani ni mtego. Nikamwambia nimesimama vizuri tu.

"Sikiliza. Cha marehemu hakuna wa kukupa. Hiki sasa nimekiketia mimi, siku kumi, hata kimenichubua. Ni changu, na mimi niko hai. Nakupa." Akaona sisogei. "Mtoto akiambiwa na babaye keti, akikataa, hiyo ndiyo dharau. Unataka niite kikao?"

Sikutaka kikao. Nikapanda, na kwa mara ya kwanza kwa nia kamili nikaketi. Haikwenda. Magoti yangu yalikuwa yamezoea kwingine. Nilipokanyaga pedali mwili ulitaka kuinuka, nilipouzuia baiskeli ikaenda kombo, nikaanguka mbele ya mlango wetu wenyewe, kijana wa miaka karibu ishirini. Wadogo zangu walicheka hadi wakashikana. Baba mdogo hakucheka. Aliniinua, akanipandisha tena, akashika keria kwa nyuma kama wanavyoshikiwa watoto, akaanza kukimbia nami barabarani na goti lake bovu, akiniambia, "Tulia, makalio chini, tulia." Tulipita kona ya kwanza hivyo. Kwenye ya pili pumzi zilimwishia, akaachia, akakaa kwenye ukingo wa mtaro.

Kutoka hapo akanipazia sauti kwamba atatuma mtu Nyansiongo kumwambia dada yake asije, mtoto hatoki.

Nilitaka kugeuka nimjibu lakini sikuweza, kwa sababu niligundua sioni. Nikiwa nimesimama nilikuwa nikitazama juu ya gunia la mbele. Nikiwa nimeketi, lilinifunika uso wote, na nikaelewa kwa nini yeye alinitwika lile la tatu kichwani. Nilifika hadi kwenye mianzi kwa kukisia. Hapo nikashuka, nikalifungua gunia, nikaliacha kando ya barabara, nikapeleka mawili, nikarudi kulichukua. Tangu siku hiyo nikawa nakwenda mara mbili kila asubuhi, na karani akalalamika kwamba nimekuwa mvivu.